Meseji zinaingia, hazitoki: namba ya kituo cha ujumbe ni nini

Mama mdogo wangu anauza machungwa kwa jumla, Muheza. Bei ya gunia anaituma kwa meseji, kwa sababu anataka mteja abaki na maandishi asije akaikana siku ya kulipa. Sasa kuna wiki meseji zake ziligoma. Kila anachoandika kinabaki na alama nyekundu pembeni: haijatumwa, gusa ujaribu tena. Fundi wa pale stendi akamwambia simu "imekufa upande wa meseji", lazima iflashiwe, alete elfu kumi na tano. Bahati nzuri alinipigia kabla hajaitoa.

"Shikamoo mama mdogo. Meseji za watu zinakufikia?"

"Marahaba mwanangu. Zinafika zote, hata zile za matangazo nisizozitaka. Za kwangu ndizo haziendi."

"Na menyu ya pesa inafunguka?"

"Nimetoka kununua umeme sasa hivi."

Hapo nikajua simu haijafa upande wowote. Laini ina mtandao, kupokea inapokea, kupiga inapiga, ila ya kutuma tu ndiyo imeziba. Dalili hiyo, pakiwa na salio la kutosha, mara nyingi inaelekeza sehemu moja ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo: namba ya kituo cha ujumbe. Kwenye mipangilio ya simu utaikuta imeandikwa kwa herufi nne, SMSC.

Tunavyodhani ni kwamba meseji hutoka kwenye simu yangu ikaruka hadi kwenye yako. Sivyo. Ukibonyeza kutuma, simu yako wala haimtafuti unayemwandikia. Inaikabidhi meseji kwa mtandao ikiwa na anwani mbili. Ya kwanza ni namba ya mtu wako, ile uliyoiandika mwenyewe. Ya pili hujawahi kuiona, kwa sababu simu inaibandika kimyakimya: ni namba ya kituo. Kituo chenyewe ni mtambo wa kompyuta wa kampuni ya simu. Hupokea meseji, huihifadhi, huuliza daftari la mtandao mwenye namba yuko upande gani wa nchi na simu yake iko hewani au la, ndipo huipeleka. Akiwa amezima simu, kituo kinaishikilia na kujaribu tena baadaye, mpaka muda wake wa kuishi uishe. Ndiyo maana mtu akitoka shamba ambako hakuna mnara, meseji za tangu asubuhi humwangukia kwa mkupuo.

Kutokana na hapo utaona pia kwamba neno "imetumwa" halina uzito tunaoupa. Maana yake kituo kimekubali kuipokea, basi. Kujua kama imemfikia mwenyewe ni jambo jingine, na kwa hilo inabidi uwashe ripoti za kuwasilishwa kwenye mipangilio ya meseji. Ugomvi mwingi wa "nilikutumia, ukanipuuza" ungeisha kwa kuwasha kitu hicho kimoja.

Sasa tuje kwenye swali lililomshangaza mama mdogo: kama kituo kimeharibika, mbona za watu zinaingia? Kwanza, kituo hakijaharibika. Kilichoharibika ni anwani yake kwenye laini ya mama mdogo. Pili, meseji ya kuingia haipiti kwenye anwani hiyo kabisa. Anayekuandikia anatumia kituo kilichoandikwa kwenye laini yake yeye, na kituo hicho ndicho kinachokuletea hadi mlangoni. Namba iliyo kwenye laini yako ina kazi ya kutolea tu. Menyu za nyota na reli, zile za kutuma pesa na kuangalia salio, nazo hazipiti kwenye kituo cha ujumbe. Zina njia yake, hufungua mazungumzo ya papo hapo na mtandao, na ukimaliza yanafungwa. Kwa hiyo mtu anaweza kulipa ada ya shule kwa simu, akapata na ujumbe wa uthibitisho, halafu akashindwa kumjibu jirani "sawa". WhatsApp ndiyo kabisa haihusiki, hiyo inapita kwenye intaneti.

Meseji ya kwanza kabisa duniani nayo ilikuwa ya upande mmoja hivihivi. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth aliandika kwenye kompyuta salamu za Krismasi na kuzituma kwa Richard Jarvis wa Vodafone. Jarvis alizisoma kwenye simu yake, lakini hakujibu, kwa kuwa simu ile haikuwa na njia ya kutuma meseji. Nilimsimulia mama mdogo kisa hiki. Akaniuliza huyo Jarvis alikuwa anauza nini.

Kwa kawaida huna sababu ya kuigusa namba hii. Laini inapotoka dukani inakuwa imeshaandikwa ndani yake, kwenye laini yenyewe na si kwenye simu. Lishike hilo, maana ndilo linaloamua dawa. Ukiflashi simu mara kumi huku laini ina namba mbovu, utalipa mara kumi na meseji hazitatoka.

Inaharibikaje basi? Watoto wakichezea simu wanaweza kuifuta. Mtu anaweza kuinakili vibaya, akaanza na sifuri badala ya +255, au akaacha tarakimu moja. Ya mama mdogo ilikuwa na kisa kirefu kidogo. Miaka miwili nyuma alihama mtandao bila kubadilisha namba, jambo linaloruhusiwa Tanzania tangu Machi 2017, na Kenya tangu 2011. Alipewa laini mpya yenye kituo cha mtandao mpya, ikafanya kazi vizuri. Siku moja meseji zikachelewa, nadhani mtandao tu ulikuwa umezidiwa, na kijana mmoja wa pale sokoni akajitolea kumsaidia. Akatazama namba yake inavyoanza, akaamua huyu ni mteja wa mtandao fulani, akatafuta namba ya kituo cha mtandao huo na kuiweka. Lakini tarakimu za mwanzo za namba siku hizi zinakuonyesha ilizaliwa wapi, hazikuambii inaishi wapi. Kwa hiyo laini ya mtandao mmoja ikawa inapeleka barua kwenye kituo cha mtandao mwingine, ambacho hakina sababu ya kumpokea mteja asiye wake.

Kabla hujaigusa namba hiyo, ondoa kwanza mambo mepesi. Simu nyingi sasa zina laini mbili, na inawezekana unatumia meseji kwa laini ya pili iliyokaukiwa salio wakati kifurushi kiko kwenye ya kwanza. Angalia kwenye mipangilio ya SIM ni laini ipi imechaguliwa kwa ajili ya SMS. Kama umepakua programu nyingine ya meseji, hakikisha ile unayoandikia ndiyo iliyowekwa kuwa chaguomsingi, kwani tangu Android 4.4 ya mwaka 2013 simu inaitambua moja tu kama programu kuu ya SMS. Halafu jaribu kumtumia mtu mwingine, isije ikawa ni namba ya huyo mmoja uliyoihifadhi vibaya. Kisha weka hali ya ndegeni, hesabu hadi kumi, itoe. Yote hayo hayazidi dakika tano.

Yakishindikana, pata namba sahihi ya kituo kutoka huduma kwa wateja wa mtandao unaotumia sasa. Usiitoe kwenye kumbukumbu ya mtu. Omba wakusomee taratibu, iandike kwenye karatasi ikianza na alama ya kujumlisha.

Kwenye Android nyingi unaingia kwa kuandika *#*#4636#*#* pale pa kupigia simu. Ukimaliza nyota ya mwisho ukurasa unafunguka wenyewe bila kubonyeza kupiga. Chagua taarifa za simu. Kama una laini mbili hakikisha uko kwenye laini inayohusika, kisha teremka hadi chini utakapoona SMSC. Bonyeza kwanza kitufe cha kuonyesha upya, ndipo namba iliyopo itokee. Inakili kama ilivyo kabla ya kuigusa, hata kama unajua ni mbovu. Unaweza kukuta namba iko ndani ya alama za kunukuu, ikifuatiwa na mkato na 145. Usishtuke wala usiifute hiyo 145, ni namna ya simu kusema kwamba namba imeandikwa kimataifa. Badilisha tarakimu za namba tu, acha umbo jinsi ulivyolikuta, kisha bonyeza kusasisha. Na mengine yaliyo kwenye ukurasa ule yaache yalivyo, hasa aina ya mtandao. Ukiibadilisha bila kujua utaanza kulalamikia intaneti.

Kwenye iPhone, andika *#5005*7672# na ubonyeze kupiga, itakuonyesha namba iliyopo. Kuibadilisha ni **5005*7672*, ifuate namba mpya na alama yake ya kujumlisha, umalizie na #. Wenye iPhone wana sababu ya ziada ya kujali: simu hizo hutuma SMS ya kimyakimya unapowasha iMessage, na kama kituo kina kasoro utakaa siku nzima unasubiri iwake.

Kuna simu ambazo zimeuficha ukurasa huo au zinakataa kusasisha. Hapo mimi husema tafuta kitochi, ndicho Wakenya wanachokiita kabambe. Kwa kuwa namba inakaa kwenye laini, toa laini kwenye simu kubwa, ichomeke kwenye kitochi, ingia meseji, mipangilio, namba ya kituo cha ujumbe. Iko wazi kabisa, haijafichwa na nyota wala reli. Irekebishe, tuma meseji moja ya majaribio ukiwa bado kwenye kitochi, kisha irudishe laini kwao. Ndivyo tulivyofanya kwa mama mdogo, nikimwelekeza kwa simu ya mwanawe huku yeye amekishika kitochi cha jirani. Ilitumia dakika kama nane, na tano kati ya hizo tulikuwa tunatafuta pini ya kutolea laini. Mwishowe alitumia hereni.

Nilisahau kumwambia kitu kimoja. Meseji zilizoshindwa haziendi zenyewe baada ya kurekebisha; zinabaki zimelala kwenye simu mpaka uziguse. Yeye alipoona alama nyekundu zimejaa akazigusa zote, moja baada ya nyingine, akidhani anasafisha. Jioni mteja wa Tanga alimpigia kwa furaha kwamba amekubali ile bei, alete magunia ishirini. Bei yenyewe ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kabla machungwa hayajapanda.

"Ameipata kwa maandishi," mama mdogo akaniambia. "Nitaikanaje?"