Stoo ya Kukodi kwa Mpangaji wa Fleti: Yanayosemwa na Yalivyo

Mpangaji akitaja kwamba amekodi stoo, yaani chumba cha kuwekea vitu kinachokodishwa na kampuni, wengi humjibu, “Basi una vitu vingi mno.” Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, na inawaonea watu. Fleti nyingi hazina gereji, hazina kibanda cha uani, wala nafasi ya kuweka vitu juu ya dari. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe hutoboa ukuta wake akafunga rafu mpaka juu, lakini mpangaji mara nyingi mkataba unamkataza kupiga hata msumari. Korido nayo si ya kuegesha baiskeli wala kupanga maboksi, kwa sababu ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka.

Halafu kuna mambo yasiyosubiri. Mkataba unaisha leo na fleti mpya inapatikana baada ya wiki mbili. Wawili wanaoana, kila mmoja ana friji yake na kochi lake. Mzazi anafariki, na watoto wanatakiwa kuamua hatima ya samani zake huku machozi hayajakauka. Mtu anahamishwa kikazi kwa miezi sita. Hawa hawarundiki vitu ovyo. Wanalipia muda wa kuamua kwa utulivu, na naona wana haki kabisa ya kufanya hivyo.

“Ni nafuu kuliko kuhamia fleti kubwa.” Kwa kodi ya mwezi mmoja, mara nyingi ni kweli. Kinachobadilisha hesabu ni muda. Chukua bei ambayo ungenunulia tena vitu hivyo vikiwa vimetumika, ugawanye kwa kodi ya stoo ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ambayo ikipita, umelipa zaidi kuliko thamani ya vitu vyenyewe. Ongeza usafiri, kufuli na bima. Uliza pia bei ya ofa inadumu mpaka lini, maana mikataba mingi ni ya mwezi kwa mwezi na kodi inaweza kupandishwa kwa taarifa fupi. Picha za familia na urithi havipimwi kwa hesabu hii, lakini meza ya kawaida inapimwa.

“Kikipotea, kampuni italipa.” Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Biashara hii kwa sura yake ya leo ilianzia Texas, Marekani, katika miaka ya 1960, na msingi wake haujabadilika: unakodi nafasi, kufuli ni lako, ufunguo unaondoka nao. Kampuni haikukabidhiwa vitu na kwa kawaida haijui umeweka nini. Ndiyo maana mikataba mingi husema wazi kwamba hasara ni ya mteja, kamera na walinzi wawepo wasiwepo.

Kwa hiyo soma bima yako. Bima ya vitu vya mpangaji wakati mwingine hufuata mali hadi stoo, ila mara nyingi kwa kiwango cha chini kuliko vitu vilivyo nyumbani, na uharibifu wa mafuriko, kuvu au panya huenda haumo. Piga picha kila kitu, andika namba za vifaa vya umeme, na orodha hiyo usiifungie humo humo stoo.

Kuna jambo jingine linalowapata wapangaji hasa. Kodi isipolipwa, mlango hufungwa usiingie, na katika nchi nyingi sheria inaruhusu vitu kuuzwa kufidia deni baada ya notisi. Sisi wapangaji tunahamahama. Notisi ikienda kwenye anwani ya zamani au namba ya simu uliyokwisha kuiacha, unaweza kusikia habari baada ya mnada. Ukihama, watu wa stoo wawe miongoni mwa wa kwanza kujua.

“Kitu kisichotumika hakiharibiki.” Unyevu hauna likizo. Hewa ikizidi takriban asilimia 60 ya unyevu, kuvu huanza kupata nafasi. Kufunga kochi kwa nailoni iliyobana huzuia vumbi lakini hufungia unyevu ndani, hivyo shuka la pamba ni bora. Friji ikaushwe kabisa na mlango wake uachwe wazi kidogo. Maboksi yainuliwe kutoka sakafuni kwa mbao au palati, na yasigusane na ukuta. Ukiambiwa chumba kina udhibiti wa joto, uliza na unyevu. Si lazima viende pamoja.

Kuhusu kuweka chochote unachotaka: hapana. Petroli, mitungi ya gesi, rangi za mafuta, vyakula na wanyama kwa kawaida havikubaliwi, na kulala humo ni marufuku.

Mwisho ni ukubwa. Watu hukodi chumba kikubwa kwa sababu wanakipima kwa sakafu, ilhali vitu hupangwa kwenda juu. Chumba cha futi 5 kwa 10 kwa kawaida hutosha vitu vya chumba kimoja cha kulala, kitanda kikiwa kimefunguliwa na godoro limesimamishwa kwa muda mfupi tu. Vizito vikae chini, vitabu kwenye maboksi madogo, na uache kijia cha kupita hadi nyuma. Pasipoti, vyeti na hati vibaki nyumbani.