Kukadiria si kubahatisha: dhana potofu kuhusu vipimo darasani

Dhana: Kukadiria ni kubahatisha tu.

Hapana, na dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Anayebahatisha hutaja namba yoyote. Anayekadiria huanzia kwenye kitu anachokijua. Mwanafunzi na apime shubiri yake mwenyewe, aikariri. Tuseme ni sm 17. Meza ikimeza shubiri sita, anajua urefu wake ni kama mita 1 hata kabla hajagusa rula. Kisha apime, alinganishe, na safari ijayo atakaribia zaidi.

Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hupima kwanza, halafu wanajaza safu ya makadirio. Wengine huyafuta makadirio yao ili yafanane na kipimo. Hawafanyi hivyo kwa hila. Ni kwamba wamezoea kuwekewa alama ya kosa kila namba isipolingana. Meza ya sm 102 ikikadiriwa kuwa sm 110, hayo ni makadirio mazuri, na mwalimu ayasifu waziwazi.

Dhana: Kupima urefu ni kusoma namba iliyo mwisho wa kitu.

Weka penseli ianzie kwenye 3 na kuishia kwenye 11 ya rula. Kuna watakaosema sm 11. Wengine watahesabu mistari, 3, 4, 5 mpaka 11, wapate 9. Jibu ni 8, kwa sababu kinachohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya mistari. Ndiyo maana rula iliyovunjika mwanzoni haifai kutupwa: inamlazimisha mtoto afikiri kipimo ni nini hasa.

Dhana: Mita 1 ni sm 100, basi mita ya mraba 1 ni sm za mraba 100.

Ni 10,000, yaani safu 100 zenye miraba 100 kila moja. Na mita ya ujazo 1 ni sm za ujazo 1,000,000, sawa na lita 1,000. Aliyewahi kuchora mita ya mraba sakafuni kwa chaki hasahau kwa urahisi.

Dhana: Maumbo yenye mzingo sawa yana eneo sawa.

Mstatili wa 6 kwa 2 na mraba wa 4 kwa 4 vyote vina mzingo wa 16. Maeneo yake ni 12 na 16.

Dhana: Saa 2.5 ni saa 2 na dakika 50.

Ni saa 2 na dakika 30, kwani saa hugawanywa kwa 60.

Dhana: Ukipima kwa makini, kipimo hakina kosa.

Kila kipimo ni cha kukaribia. Ukisoma sm 12.4 kwa usahihi wa milimita moja, urefu halisi uko kati ya 12.35 na 12.45. Mstatili wa sm 12.4 kwa 7.3 utapewa na kikokotoo eneo la 90.52, lakini eneo halisi linaweza kuwa popote kati ya 89.5 na 91.5 hivi. Hiyo .52 haina uzito wowote. Kuandika 91 kunatosha. Na aliyekwisha kukadiria kwamba 12 mara 7 ni 84 atashtuka kikokotoo kikimwonyesha 905.2, arudi kuitafuta nukta aliyoisahau.