Jina la Mtoto Kwenye Rejesta ya Shule ya Kata: Ufafanuzi kwa Wazazi na Walezi wa Mufindi

Tangu shule zilipofunguliwa Januari, wazazi wengi wamefika ofisini kulalamika kwamba majina ya watoto wao hayamo kwenye rejesta ya sekondari ya kata. Malalamiko hayo tunayapokea kwa heshima, ila mengi yanatokana na dhana kwamba aliyechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza tayari ni mwanafunzi hata asipoonekana darasani. Sivyo. Ni lazima aripoti, aandikishwe na ahudhurie.

Katika shule ndogo yenye mkondo mmoja kwa kila kidato, idadi ndiyo msingi wa kila hesabu. Ada ilipoondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, Serikali ilianza kuifidia shule ya kutwa shilingi 20,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka; hivyo watoto 20 waliomo kwenye orodha ilhali wako Dar es Salaam wakifanya kazi za ndani, au wanachuma chai, ni shilingi 400,000 ambazo mkuu wa shule atashindwa kuzitolea maelezo mbele ya mkaguzi. Matundu ya vyoo nayo hupangwa kwa jinsi: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25.

Uhamisho haukamiliki kwa kuagana na mwalimu wa darasa, jambo ambalo tumelieleza mara nyingi. Mzazi huandika barua ya maombi, mkuu wa shule anakotoka mwanafunzi huipitisha, mkuu wa shule anakokwenda huthibitisha kuwa nafasi ipo, maombi hupelekwa kwa mamlaka ya elimu yenye idhini, na kibali kikitoka taarifa huhamishwa katika PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani. Hatua hiyo ya mwisho ikirukwa, mtoto atasoma Mbeya huku usajili wake wa mtihani ukibaki Mafinga.

Linalotuumiza zaidi ni ulemavu unaofichwa. Mzazi huacha wazi sehemu hiyo ya fomu akihofia mtoto kuchekwa. Mtoto mwenye uoni hafifu hukaa dawati la nyuma, akinakili daftari la jirani kwa sababu ubao hauoni, hadi kidato cha nne, ndipo tunaombwa karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Karatasi hiyo huandaliwa kwa waliotambuliwa mapema.

Kuhusu wasichana, Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba, na kumalizana kifamilia hakufuti kosa. Aliyejifungua hajapoteza nafasi yake: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurejea. Afike na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule, jina lake liandikwe upya.