Buñuel na kejeli ya dini: dhana potofu na ukweli

Luis Buñuel (1900–1983), Mhispania aliyesomeshwa na Wajesuiti mjini Zaragoza, ndiye jina la kwanza kutajwa panapozungumzwa tashtiti ya dini katika sinema ya usurealisti, ile inayofuata mantiki ya ndoto. Ndiye pia anayesingiziwa mengi.

Dhana: Usurealisti ni kuokoteza picha zozote za ajabu.

Walipoandika filamu ya *Un Chien Andalou* (1929), Buñuel na mchoraji Salvador Dalí walijiwekea kanuni kali: taswira yoyote inayoelezeka kwa akili, itupwe. Kazi kubwa ilikuwa kukataa. Jicho linalopasuliwa kwa wembe ni la ndama aliyekufa. Tunaamini ni la mwanamke kwa sababu ya mfuatano: uso wake, wingu jembamba likipita juu ya mwezi, kisha jicho kwa karibu mno.

Dhana: *L'Âge d'or* (1930), filamu ya Buñuel iliyofuata, ilipigwa marufuku na Kanisa.

Iliyoizuia ni polisi ya Paris, Desemba 1930. Tarehe 3 ya mwezi huo makundi ya mrengo wa kulia yalivamia ukumbi wa Studio 28, yakamwaga wino kwenye skrini na kuharibu michoro ya wasurealisti iliyotundikwa pale. Siku chache baadaye filamu ndiyo ikafungiwa. Wakazi wa Paris walisubiri hadi 1981 kuiona tena katika sinema za kawaida.

Dhana: *Viridiana* (1961) ilitengenezwa kwa kificho, serikali ya Franco, dikteta wa Uhispania, ikashtukizwa.

Hapa ndipo makosa yanaporundikana. Filamu ilipigwa picha Uhispania kwenyewe, na wadhibiti wa serikali waliisoma skripti. Walilalamikia mwisho: Viridiana, mnovisi (mwanafunzi wa utawa) aliyeacha utawa, anabisha hodi chumbani kwa binamu yake, mlango unafungwa nyuma yake. Buñuel akaubadilisha. Sasa anamkuta binamu na mtumishi wa kike, na wote watatu wanaketi kucheza karata. Hakuna cha kukata hapo, lakini mtazamaji anaondoka akiwaza watu watatu badala ya wawili! Ni kosa kudhani udhibiti huilainisha kazi kila mara. Mkononi mwa fundi, huinoa.

Filamu ikapata, kwa kugawana na nyingine, Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na aliyepanda jukwaani kuipokea ni mkurugenzi mkuu wa sinema wa serikali ya Uhispania. Gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, lilipoilaani kuwa kufuru, mkurugenzi huyo akapoteza kazi, na filamu ikazuiwa nchini humo hadi 1977.

Kilichochoma zaidi ni karamu ya ombaomba ambao Viridiana amewapa hifadhi. Wanakaa upande mmoja wa meza, kipofu katikati, kisha wanaganda kama Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Tashtiti ya namna hii inadai usahihi: wakikaa kuizunguka meza, au Kristo wao akiwa pembeni, inabaki picha ya walevi tu. Tena haiwadhihaki maskini. Inauliza sadaka ya Viridiana imewabadilisha nini.

Dhana: Alikejeli asichokijua.

*La Voie lactée* (1969) inawafuata mahujaji wawili waendao Santiago de Compostela, mji wa hija huko Uhispania, na njiani wanakutana na uzushi (mafundisho yaliyokataliwa na Kanisa) wa karne mbalimbali kuhusu Utatu, Ekaristi, neema na mengineyo. Buñuel na mwandishi mwenzake Jean-Claude Carrière waliyachota mabishano hayo katika Maandiko na vitabu vya teolojia, na filamu yenyewe inatamka kwamba mafundisho yaliyomo yameelezwa kwa usahihi. Asiyejua katekisimu atacheka nusu tu ya vichekesho vyake.

Dhana: Mwisho wa ghafla wa *Simón del desierto* (1965) una fumbo kuu.

Mtakatifu aliyeishi juu ya nguzo jangwani anajikuta ghafla katika klabu ya dansi New York, na filamu inakatika baada ya dakika 45 hivi. Ilikusudiwa kuwa ndefu. Fedha ziliisha.