Wayahudi wa Warsaw hawakufichwa katikati ya simba
Wengi tumesikia kwamba kwenye Vita vya Pili vya Dunia Wayahudi walifichwa katika bustani ya wanyama ya Warsaw, Poland, simba na tembo wakiwa bado wapo kando yao. Kufichwa ni kweli kabisa, ila wanyama wengi hawakuwepo tena, mabomu ya Septemba 1939 yaliua baadhi na wengi wa waliobaki wakapelekwa Ujerumani, kwahiyo watu walijificha kwenye mabanda matupu na chumba cha chini cha nyumba ya walezi wa bustani, huku pale pale wanafugwa nguruwe. Na toka 1941 adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo jamani. Ukitaka kuhakiki anza na tarehe, wanyama waliondoka lini, watu waliingia lini, kisha linganisha na ushuhuda wa waliookoka.