Viazi vya kuchoma: vianzie kwenye sufuria

Viazi mviringo vikiwekwa vibichi juu ya makaa, mara nyingi hutoka vyeusi nje na vigumu ndani. Watu hulaumu moto, ilhali tatizo ni unene. Joto hupenya kiazi polepole: kipande chenye unene maradufu huhitaji muda wa karibu mara nne ili kiive katikati. Wakati kiini hakijafika hata nyuzi 90 za Selsiasi, uso ulioshika wavu umeshapita 200. Kwa hiyo mimi huivishia kwenye sufuria, na makaa nayaachia kazi mbili tu: ukoko na harufu ya moshi.

Chagua viazi ambavyo havivurugiki vikichemshwa, vile vinavyofaa saladi. Kama unavyo vya unga tu, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila lita ya maji. Tindikali hulinda pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za kiazi, na vipande hubaki vizima. Vyenye rangi ya kijani weka kando. Sumu ya solanini haiondoki kwa kupikwa. Pia usichome viazi vilivyokaa vibichi kwenye friji. Kwenye baridi kali wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo huungua na kuleta uchungu kabla hujapata ukoko wa maana.

Kwa watu wanne, kilo moja inatosha pembeni ya nyama. Osha, usimenye, kata vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 1 hadi 1.5. Vyembamba zaidi ya hapo vitakatika unapogeuza. Tia kwenye maji baridi yenye gramu 10 za chumvi kwa lita, ndipo uwashe moto; ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kingo zitalainika kabla ya katikati. Maji yakianza kutokota punguza moto, kisha subiri dakika 5 hadi 7. Ncha ya kisu iingie kwa ukinzani mdogo, na kipande ukikiinua kisikatike. Kikianza kumeguka kingo, umeshachelewa: hicho kipeleke kwenye kuponda.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kukausha. Chuja, tandaza vipande kwenye sinia bila kuvipanga juu kwa juu, uviache vitoe mvuke dakika 10. Tazama uso wake: mwanzoni unang'aa kwa maji, kisha unapauka na kuwa mkavu kama uliopakwa chaki. Hapo ndipo viko tayari. Maji yakibaki juu, uso hauwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100 mpaka yaishe, na muda wote huo wanga uliolowa unajigandisha kwenye vyuma.

Mafuta yapake kwenye viazi, si kwenye wavu: vijiko viwili vya chakula kwa kilo, uchanganye kwa mkono taratibu. Yakizidi yatadondokea makaa na kuzusha miali yenye masizi. Samli inafaa. Siagi haifai, kwa kuwa chembe za maziwa zilizomo huungua upesi. Chumvi tia sasa; kitunguu saumu, pilipili manga na majani ya kukoleza ladha visubiri mwisho, la sivyo utakula majivu machungu.

Subiri makaa yavae majivu meupe, uyasogeze upande mmoja wa jiko. Weka kiganja sentimita 10 hivi juu ya wavu: ukiweza kuvumilia sekunde 4 au 5, huo ndio moto wa viazi. Ukitoa mkono kabla ya sekunde 2, ngoja upoe. Wavu uwe safi na umeshapata moto kabla ya kupanga.

Panga vipande, halafu usiviguse kwa dakika 3 au 4. Kikigoma kutoka usikivute. Ukoko haujakamilika, kiongezee dakika moja na kitaachia chenyewe. Geuza mara moja tu kwa mwiko bapa wa chuma, kwani koleo hubana na kuvunja. Nyama ikichelewa, visogeze upande usio na makaa.

Ukitaka vizima, tafuta vya gramu 150 hadi 200, vitoboe kwa uma, vipake mafuta, uviweke upande usio na makaa na jiko lifunikwe kwa muda wa saa moja hivi. Jiko lisilo na kifuniko halitafanya kazi hii. Foili siipendi hapa: kiazi huiva kwa mvuke wake, ganda likabaki tepetepe. Kuna na hatari. Mbegu za Clostridium botulinum, bakteria wanaotoa sumu kali kwenye chakula, hutoka udongoni, huhimili joto la kuoka, na foili huzinyima hewa, hali zinayoipenda. Mwaka 1994 huko El Paso, Marekani, watu 30 waliugua kwa sababu ya viazi vilivyookwa ndani ya foili na kuachwa nje ya friji. Ukiitumia, ifungue mara viazi vinapoiva.

Vilivyokwisha kuchemshwa unaweza kuvipoza na kuviweka kwenye friji hadi kesho yake. Tahadhari ya baridi niliyoitaja ni ya viazi vibichi tu; vya kuchemsha hukaza vikipoa na hugeuzika vizuri zaidi. Paka mafuta dakika chache kabla ya kuchoma.

Vikitoka motoni, vitie kwenye bakuli lenye kitunguu saumu kilichopondwa, maji ya ndimu, majani yaliyokatwa na mafuta kidogo, uvipindue mara mbili tatu vikiwa bado vya moto. Usifunike bakuli, mvuke utalainisha ukoko wote ndani ya dakika chache.