Mpango kina wa mji mkongwe: kazi ya wakazi kabla mchoro haujasainiwa

Mpango kina, yaani mchoro unaopanga viwanja na barabara za eneo moja, ukiwa wa mtaa wa zamani huharibika mapema, kabla mpimaji hajapanda bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) hata moja. Huharibika kwenye mkutano ambao watu wamezungumza vizuri sana, wazee wameeleza asili ya kila nyumba, halafu kwenye muhtasari ukaingia mstari mmoja tu: "Wananchi walishauri majengo ya kale yatunzwe." Mstari huo haumsaidii kitu mchoraji. Hajui ni jengo lipi, liko wapi, wala kitu gani ndani yake kitunzwe. Atachora viwanja na barabara kama alivyozoea, na mchoro ukishaidhinishwa, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyosimama zaidi ya karne moja inajikuta imekatwa na njia ya gari.

Nazungumzia Mikindani ya mkoani Mtwara zaidi, kwa sababu ndiko mji mkongwe na mji unaokua vinapokutana ana kwa ana ndani ya Manispaa moja. Lindi mjini na Kilwa Kivinje mambo ni yale yale. Hoja yangu ni kwamba maoni ya mdomo hayafiki kwenye mchoro. Yanayofika ni yaliyochorwa kwenye ramani na kuandikwa kama azimio lenye namba. Kazi hiyo wakazi wanaweza kuifanya wenyewe, na wakiisubiri halmashauri iwafanyie, mara nyingi haitafanyika, kwa kuwa afisa mipango miji mmoja anabeba kata nyingi na hana muda wa kupita kichochoro kwa kichochoro.

Tuanze na skeli. Mchoro wa mipango miji kwa kawaida huchorwa kwa 1:2,500, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita 25 za ardhi. Kichochoro cha mita 2 kinakuwa na upana wa milimita 0.8. Baraza ya nje yenye upana wa sentimita 60, pale wazee wanapokaa baada ya alasiri, inakuwa robo ya milimita, nyembamba kuliko alama ya kalamu. Kwa hiyo vitu viwili vinavyoufanya mji mkongwe wa pwani uwe ulivyo, baraza na vichochoro, havionekani kabisa kwenye karatasi ambayo maamuzi yanafanyika juu yake. Mchoraji hana chuki navyo. Havioni tu. Ndiyo maana wakazi wanatakiwa kuja na ramani yao ya 1:500. Hapo sentimita moja ni mita 5, kichochoro kile kinapata milimita 4, na baraza inaweza kuchorwa.

Halafu kuna mistari miwili ambayo haitoki kwenye mkutano wowote, inatoka kwenye sheria. Wa kwanza ni mita 60 kutoka baharini, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambamo shughuli za kudumu za binadamu zinazuiwa. Wa pili ni hifadhi ya barabara kuu, mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara tangu Sheria ya Barabara ya 2007, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Wengi wanazijua alama zake: X nyekundu kwa aliye ndani ya hifadhi ya zamani, X ya kijani kwa aliyefikiwa na nyongeza ya mita 7.5 na anayestahili fidia eneo lake likihitajika. Mikindani imejengwa ukingoni mwa ghuba, na barabara ya Lindi inapita pale pale. Chora mistari yote miwili kwenye ramani yenu siku ya kwanza. Nyumba za zamani zitakazoangukia ndani yake ndizo za kushughulikiwa kwanza, kwa sababu mchoraji asipoambiwa lolote atalipaka eneo hilo rangi ya hifadhi na nyumba zitabaki bila kutajwa.

Kuhusu sheria ya urithi wenyewe, watu wengi wanaitegemea kuliko inavyoweza kubeba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la Mikindani lilijengwa 1895. Kwa kigezo cha mwaka peke yake, hata boma lenyewe, jengo maarufu kuliko yote mjini, halimo. Nyumba nyingi za ghorofa zenye roshani nazo ni za zama hizo hizo, na hata ile iliyo ya zamani zaidi ni vigumu kuithibitisha bila karatasi. Kwa hiyo msijenge hoja yenu juu ya umri. Sheria hiyo hiyo inamruhusu Waziri kutangaza jengo au eneo kuwa la kulindwa bila kujali mwaka huo, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu ndani ya mpango. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyo karibu na mkazi, kwa sababu mamlaka ya upangaji ni halmashauri yake mwenyewe.

Milango iko tofauti. Mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa hata kama nyumba yenyewe hailindwi, na kuusafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa. Nyumba ikianza kuchakaa, mlango ndio wa kwanza kutafutwa na wanunuzi. Kila mlango upigwe picha kwa ukaribu, ukiwa na futi kando yake ili vipimo vionekane. Mlango usio na picha ukishang'olewa hakuna wa kuthibitisha ulitoka wapi.

Kuorodhesha nyumba

Kundi la watu watatu linatosha: mmoja anashika futi ya mita 30, mmoja anaandika, wa tatu ni mzee au bibi anayewajua wenye nyumba, na huyu wa tatu ndiye wa muhimu kuliko wote. Kwa mwendo wa kuridhisha mtamaliza nyumba kumi hadi kumi na tano kwa siku. Mkikimbiza zaidi ya hapo mtaanza kuruka maswali.

Kila nyumba ipewe namba moja isiyobadilika, na namba hiyo ndiyo itakayotumika kwenye ramani, kwenye fomu, kwenye picha na kwenye muhtasari. Fomu iwe ukurasa mmoja tu: kuta ni za nini (matumbawe na chokaa, fito na udongo, tofali), paa ni la nini, ghorofa ngapi, mlango wa nakshi upo au haupo, baraza ina upana gani, nani anakaa, nani anamiliki, na hali yake kwa daraja la 1 hadi 4. Daraja la 4 liwe na maana moja tu, kwamba jengo linaweza kuanguka na kuumiza mtu. Makundi mengi huipa nyumba daraja la 4 kwa sababu inaonekana chafu, na orodha ikifika halmashauri inageuka kuwa orodha ya kubomoa. Hilo ni kosa zito. Nyumba isiyo na plasta lakini kuta zimesimama wima ni daraja la 2.

Simu yenye GPS isaidie kujua mtaa tu. Usahihi wake ni mita tatu hadi tano mahali pa wazi, na katikati ya kuta ndefu unazidi kupungua, kwa hiyo kwenye kichochoro cha mita 2 inaweza kukuweka ndani ya nyumba ya jirani. Pimeni kwa futi kutoka kona ya jengo linaloonekana wazi kwenye picha ya setilaiti.

Umri wa nyumba usiulizwe kwa mwaka. Ulizeni kwa matukio: ilikuwepo wakati wa Majimaji? Wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani? Wakati wa mradi wa karanga, reli na bandari ya Mtwara vilipokuwa vinajengwa? Majibu ya watu wawili wasiokaa pamoja yakifanana, andikeni kipindi hicho, si mwaka.

Swali la umiliki ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote, na halina njia ya mkato. Nyumba nyingi za mji mkongwe ni za mirathi isiyogawanywa: warithi wako Dar es Salaam, Zanzibar, wengine nje ya nchi, na anayekaa humo ni mjukuu au mpangaji asiye na mamlaka ya kusaini lolote. Nyumba kama hiyo haipati kibali cha ukarabati, haipati mkopo, na kila msimu wa masika inapungua. Wakati wa kuorodhesha, andikeni kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa. Kama hajateuliwa, ukoo uhimizwe kukaa kikao, kuandika muhtasari na kwenda Mahakama ya Mwanzo. Mtaa wenye nyumba ishirini za mirathi bila msimamizi hata mmoja unaweza kupata mpango mzuri kabisa na usitekeleze hata nusu yake.

Siku ya mkutano

Mkutano wa saa nne asubuhi ni mazoea ya ofisi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya huku hupwa sana kuanzia karibu saa hiyo hiyo, na akina mama wako ufukweni wanatafuta chaza na pweza. Wavuvi nao wana saa zao. Ukiitisha mkutano saa nne siku ya bamvua umewaondoa watu wanaoijua pwani kuliko wote, na mahudhurio yatasema wananchi walishirikishwa. Chagueni siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, baada ya alasiri, isiwe Ijumaa. Na msiitishe kati ya mwisho wa Septemba na Desemba ikiwezekana, maana watu wamehamia mashambani kwenye korosho.

Ramani ya 1:500 itundikwe ukutani mahali watu wanapopita angalau wiki moja kabla, na kalamu iachwe hapo. Watu wasiosimama kuzungumza mbele ya mwenyekiti watasahihisha jina la nyumba au mpaka wakiwa peke yao. Kwa maoni yangu wiki hiyo ina thamani kuliko mkutano wenyewe.

Azimio liandikwe hivi: "Mkutano umeazimia kwamba nyumba Na. 7, 8 na 11 katika ramani iliyoambatishwa zibaki. Kichochoro kati ya Na. 7 na Na. 8 kibaki na upana wake wa mita 2.1 na kiwe cha waenda kwa miguu. Baraza za mbele zisihesabiwe kuwa uvamizi wa barabara." Lisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wasaini, mhuri upigwe, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatishwe. Litarajieni pingamizi la gari la zimamoto. Ni pingamizi la haki, na jibu lake lazima liwemo kwenye ramani yenu: onyesheni gari linafika wapi na bomba la maji linaweza kuvutwa mita ngapi kutoka hapo.

Katika mkutano huo huo ombeni masharti ya ujenzi yaingie kwenye mpango. La kwanza kabisa liwe la plasta. Kuta za matumbawe zina unyevu na chumvi ndani yake, nazo hupumua kupitia chokaa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inabanduka pande kubwa kubwa ikiwa imeshika uso wa jiwe. Mwenye nyumba anaongeza saruji, na tatizo linapanda juu zaidi. Sharti linaweza kuandikwa kwa maneno machache: kuta za matumbawe zipigwe plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi, tabaka lisizidi sentimita moja, lifunikwe magunia yenye maji kwa siku kadhaa lisikauke ghafla. Boriti za mikoko nazo huoza kwenye ncha zilizozama ukutani huku katikati zikiwa imara, kwa hiyo fundi achunguze ncha kabla ya kusema dari yote ibomolewe.

Baada ya hapo ni barua. Iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, k.k. (kupitia kwa) Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Mtaa, yenye YAH: (yahusu) inayotaja jina la eneo na mpango kina, pamoja na viambatisho vyote. Nakala kwa diwani, kwa sababu yeye anaingia kwenye vikao vya halmashauri vinavyopitia mipango miji, na kwa ofisi ya Mambo ya Kale. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo barua haikuwahi kuandikwa.

Rasimu ya mchoro ikitoka, nendeni na ramani yenu na rula. Msiulize kama maoni yamezingatiwa. Pimeni: Na. 7 iko wapi kwenye mchoro, imekatwa au haijakatwa, kichochoro kimebaki au kimemezwa na kiwanja. Tofauti zozote ziandikwe kama pingamizi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la rasimu hiyo, kila moja na namba ya nyumba yake. Na kama mchoro umeshaidhinishwa kabla hamjaanza, bado marekebisho ya mchoro yanaweza kuombwa kwa njia ile ile, kuanzia mkutano wa mtaa, mradi viwanja vinavyohusika havijamilikishwa. Hati zikishatoka, kila mwenye hati lazima akubali. Hapo kazi ya miezi inageuka kuwa ya miaka.